Jiko Chumbani na Baridi ya Julai Kaaga

Kila ufikapo mwezi wa Julai, wageni wanaokuja Meru kwa mara ya kwanza hupigwa na bumbuazi. Wamesoma shuleni kwamba mstari wa Ikweta unapita papa hapa, kusini kidogo ya mji, kwenye barabara iendayo Nkubu, na wengi wao hushuka garini kupigwa picha kando ya bango lake. Jioni ikiingia, hao hao huanza kuulizia koti. Si ajabu hata kidogo. Mji huu umekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, umeuegemea Mlima Kenya, na kati ya Juni na Agosti mawingu huweza kuilalia Kaaga kutwa nzima kama blanketi lililolowa. Watu wa pwani wana jina zuri la majira haya, kipupwe, lakini kipupwe chao ni cha kuwapumzisha na joto la Machi. Chetu huingia mifupani.

Majira hayo yakishaingia, kila nyumba hujiuliza swali moja: tutaota nini usiku huu? Kuna mwenye kuni, mwenye makaa, mwenye mtungi wa gesi, na mwenye hita ya umeme aliyoletewa na mwanawe kutoka Nairobi. Nakusudia kulizungumzia swali hilo leo, msomaji mpendwa, ingawa taaluma yangu ni isimu wala si nishati. Nalizungumzia kwa sababu mwaka 2017 nililijibu vibaya, nikakaribia kumwua mama yangu mzazi.

Mama anaishi Kaaga, si mbali na Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, katika shamba dogo ambalo nusu yake sasa ni migomba na nusu nyingine ni vyumba vya kupangisha wanafunzi. Nyumba aliyotulelea ilikuwa ya mbao na mabati. Upepo ulipita katikati ya mbao upendavyo, na usiku wa mwezi ungeweza kuhesabu mistari ya mwanga sakafuni. Mwaka 2014 sisi watoto wake tulichanga fedha tukamjengea nyumba ya mawe: sakafu ya saruji, dari, madirisha ya vioo, milango iliyokaa sawasawa katika miimo yake. Tulijiona tumelipa deni. Yeye alishukuru, akahamia, na ilipofika Julai ya kwanza akasema kwa upole kwamba nyumba ya zamani ilikuwa na joto zaidi. Tulicheka. Tulidhani ni mazoea ya uzee.

Alikuwa akisema kweli. Mawe na saruji hunyonya baridi usiku kucha na kuitoa taratibu mchana, na katika nyumba ambayo jua haliioni kwa majuma mawili mfululizo, ukuta hauna joto la kumrudishia mtu. Isitoshe, katika nyumba ya zamani jiko lilikuwa hatua tatu tu kutoka kitandani. Katika nyumba mpya tulikuwa tumelihamishia nje, kwenye kibanda, kwa kuwa hatukutaka moshi uchafue rangi ya kuta.

Basi likizo ya mwaka ule nilimkuta mama ana mafua, amejikunyata, na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja amekuja kulala naye amtunze. Nikachukua hatua, kama ifanyavyo kazi mtu aliyesoma. Niliwasha makaa nje kwenye lile jiko la bati lenye utumbo wa udongo uliochomwa, lile ambalo mafundi wa jua kali wamelieneza Kenya nzima tangu miaka ya 1980. Nikangoja moshi wote uishe. Nikangoja hadi makaa yakawa mekundu kabisa na kuanza kuvaa jivu jeupe juu, kwa kuwa nilifundishwa utotoni kwamba makaa mabichi ndiyo mabaya. Nikaliingiza chumbani, nikaweka sufuria ya maji kando yake kwa sababu nilisikia kwamba maji hunyonya ubaya, nikafunga madirisha, na kwa mkono wangu mwenyewe nikakunja gunia na kulisokomeza chini ya mlango ili baridi isipenye. Mama aliniambia, "Asante, Mwalimu. Leo nitalala." Huniita Mwalimu anapotaka kunitania au kunisifu, na sikuzote sijui ni lipi kati ya hayo.

Yapata saa tisa usiku nikasikia kishindo. Mpwa wangu alikuwa ameamka aende haja, akasimama, magoti yakamkatika, akaanguka na kugonga mlango. Kishindo hicho ndicho kilichotuokoa. Nilipousukuma mlango nilikuta chumba kina joto zuri, hakina moshi hata chembe, hakina harufu, na mama amelala kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwake. Nilimwita mara nne kabla hajafungua macho. Alipofungua, hakunijua. Tuliwatoa nje barazani, kwenye baridi ile ile niliyokuwa nikiwakinga nayo, mtoto anatapika na kulia kichwa, mama anatamka maneno yasiyoungana. Jirani alitoa gari.

Hospitalini muuguzi hakuuliza mengi. Aliwatazama, akanitazama, akasema: "Walilala na jiko?" Nakiri kwamba hata katika saa ile akili yangu ya kiisimu ilishtuka, maana katika Kiswahili cha mitaani mwanamume aliyeoa husemwa amepata jiko, na mzaha huo ulinipitia kichwani kama nzi asiyejua msiba. Waliwekewa oksijeni. Kufikia adhuhuri mama alinitambua. Alirudi nyumbani siku ya tatu, na namshukuru Mungu kwamba hakubaki na kilema, kwani wapo wanaoamka wakiwa wamepoteza sehemu ya kumbukumbu zao.

Dada yangu anayenifuata hufundisha kemia katika shule ya upili. Alipofika aliniuliza swali ambalo hadi leo sina jibu lake: "Kaka, umesoma hadi uzamifu. Kweli hukujua?"

Nilijua na sikujua. Nilikuwa nimesoma katika magazeti, karibu kila mwaka, habari za familia iliyokutwa imekufa ndani ya nyumba iliyofungwa, na jiko katikati. Lakini habari hizo ziliandikwaje? Ziliandikwa kwamba marehemu "walikufa kutokana na moshi wa jiko la makaa". Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo ni la lugha kabla ya kuwa la sayansi. Moshi ni kitu kinachoonekana, kinachowasha macho, kinachokohoza. Mtu aliyesoma kwamba moshi ndio unaoua atafanya nilivyofanya mimi: atangoja moshi uishe, kisha aingize jiko ndani akiwa na dhamiri safi. Wahenga nao walituachia kwamba pafukapo moshi pana moto, nasi kwa uzembe wa fikira tumeigeuza methali hiyo tukaamini kwamba pasipofuka moshi pana salama.

Kinachoua si moshi. Ni hewa ambayo wanakemia huiita kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Makaa yanapoungua bila oksijeni ya kutosha huitoa kwa wingi, na huitoa hata yanapokuwa mekundu na mazuri kuliko yote, wakati ule ule ambapo hakuna moshi. Ikiingia mapafuni hukamata hemoglobini ya damu, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe mara 200 na zaidi. Damu huendelea kuzunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1850. Aliye macho huhisi kichwa kikimuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na udhaifu wa miguu. Aliyelala hahisi chochote, hulala zaidi tu. Yale maji yangu ndani ya sufuria hayakusaidia lolote, kwani hewa hii ni kama haiyeyuki katika maji. Nalo jivu jeupe niliuonalo kama hati ya usalama halikuwa na maana yoyote.

Sasa nakuuliza, msomaji, hasa wewe mwalimu: hewa hii ina jina gani katika Kiswahili cha mama anayeuziwa makaa kwa mkebe pale sokoni Gakoromone? Haina. Mwanafunzi hukutana nayo katika somo la kemia, kwa Kiingereza, miongoni mwa milinganyo atakayoisahau baada ya mtihani, na hakuna anayemwambia kwamba jambo hilo la ubaoni ndilo lililo ndani ya jiko la nyanya yake. Kitu kisicho na jina hakiogopwi. Twamwogopa nyoka, twamwogopa chui, kwa kuwa tunaweza kumwambia mtoto majina yao. Mimi ningependekeza tuite sumu ya makaa, wala tusitafute istilahi ngumu zaidi. Waandishi wa habari wakiandika kwamba watu watano wameuawa na sumu ya makaa, badala ya moshi wa jiko, nadhani baadhi ya watu watalitazama jiko lisilo na moshi kwa jicho jingine.

Tusidhani kwamba ujinga huu ni wetu peke yetu. Julian, aliyekuja kuwa Kaisari wa Roma, aliandika mwenyewe kwamba alipokuwa Lutetia, mji tuuitao leo Paris, katika majira ya baridi ya karne ya 4, alikataa kupashiwa chumba joto kwa sababu alitaka kuizoeza nafsi yake taabu. Baridi ilipozidi akaruhusu makaa machache yaletwe. Akashikwa na usingizi na kichwa kizito, akabebwa nje, na matabibu wakamtapisha. Katika mji ule ule, Septemba 1902, mwandishi Émile Zola alikufa chumbani mwake kwa hewa hii hii, kwa kuwa dohani ya meko yake ilikuwa imeziba. Mkewe aliponea chupuchupu. Korea Kusini ilizika watu wengi sana katika miaka ya 1960 na 1970, wakati familia zilipopasha sakafu za nyumba kwa matofali ya makaa ya mawe, na nyufa ndogo za sakafu zikaipitisha sumu hadi walipolala.

Lakini kuna jambo moja letu, nalo nililigundua nilipokuwa nikifikiria maneno. Nilisomea uzamifu Leipzig, Ujerumani. Huko baridi si mzaha, na lugha ina kitenzi cha kawaida kabisa chenye maana ya kuipasha nyumba joto. Mtu hukitumia kila siku kama sisi tutumiavyo "kupika". Nyumba ndiyo inayotendwa. Moto wenyewe uko mbali, pengine mtaa wa pili, na kinachoingia chumbani ni maji ya moto ndani ya mabomba ya chuma. Kiswahili hakina kitenzi hicho. Tukitaka kusema jambo lile twalazimika kuunga maneno, "kupasha nyumba joto", nayo husikika kama tafsiri. Neno letu ni "kuota". Mtu huota moto, huota jua. Mtendaji ni mwili, unaosogea kwenye joto na kunyoosha mikono, kisha unaondoka. (Kwamba tunatumia umbo hilo hilo kwa ndoto na kwa mmea unaochipua ni suala la homonimu, nami sitawachosha nalo, ingawa wanafunzi wangu hupenda kuamini kwamba yote matatu yana asili moja.) Lugha zetu za Mlima Kenya nazo zina riko, ndugu wa damu wa jiko, mahali pa moto na mahali pa watu kwa pamoja.

Kwa maneno mengine, wazee wetu hawakuwa na desturi ya kupasha nyumba joto. Waliota moto, wakashiba joto, wakajifunika, wakalala, na moshi na sumu vikatokea kwenye nyasi za paa na nyufa za kuta. Sisi tumejenga nyumba za kuzuia upepo, jambo jema, kisha tukaingiza ndani yake moto uliobuniwa kwa nyumba inayovuja. Tumebadilisha nyumba bila kubadilisha moto.

Sisemi kwamba nyumba za kale zilikuwa salama. Moshi wa kuni uliwaua mama zetu taratibu, kwa kifua na kwa macho, na mama yangu angali ana kikohozi alichokipata miaka hamsini iliyopita kwenye mafiga matatu. Ila ulikuwa uuaji wa polepole.

Baada ya tukio lile tulikaa kikao cha familia, na kila mmoja akaja na jawabu lake. Ndugu yetu mdogo aishiye Nairobi alitaka tununue hita ya umeme, nasi tukachukua kalamu. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tatu hula uniti sita. Ukikadiria kila uniti kwa shilingi 25 hadi 30 pamoja na makato yake, hiyo ni kati ya shilingi 150 na 180 kwa usiku mmoja, yaani kama 5,000 kwa mwezi, kwa chumba kimoja chenye dari na ukuta unaomeza joto. Haina sumu, hilo ni kweli, na ambaye mfuko wake unaruhusu asisite. Lakini nyaya za nyumba nyingi hazikuwekwa kwa ajili ya mzigo kama huo, na mtu akiichomeka kwenye waya wa nyongeza pamoja na birika na pasi, ameondoa hatari ya sumu akakaribisha ya moto. Kisha kuna kupotea kwa umeme. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani kwa pamoja, wenye hita na wasio na hita walikuwa sawa.

Gesi ilikuwa pendekezo la pili. Kwa kupikia, gesi ni baraka, na kwa hiyo niliudhika sana Julai 2021 mtungi ulipoanza kutozwa kodi ya thamani ya asilimia 16, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata na kuondolewa mwaka 2023. Nani ajuaye ni mama wangapi waliorejea kwenye makaa katika miaka hiyo miwili? Lakini hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea hewa nje nayo hula oksijeni ya chumba, na oksijeni ikipungua huanza kutoa sumu ile ile. Mwali wa buluu ukigeuka wa njano ni onyo. Si ya kulala nayo. Mafuta ya taa yana kasoro iyo hiyo, tena na harufu, na tangu mwaka 2018, yalipoongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta, hayakuwa tena mafuta ya maskini.

Kaka yetu mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitaka ajenge meko ya mawe sebuleni yenye dohani, kama zile za nyumba za walowezi. Ni fahari kubwa, na dohani ikijengwa sawasawa na kusafishwa kila mwaka, moshi na sumu vyote hutoka. Lakini kwanza, sehemu kubwa ya joto la meko ya namna hiyo hutoka na moshi. Unapasha anga ya Kaaga. Pili, kuni zatoka wapi? Tangu Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, tulianza kuona bei ya kweli ya mti. Makaa yenyewe, mengi yakitoka nyanda kavu zilizo chini yetu, yamekula miti kuliko tudhanivyo: katika tanuri la udongo la kawaida, kilo kumi za kuni hutoa kilo moja au mbili tu za makaa.

Mama alisikiliza yote haya kwa saa nzima akimenya ndizi. Tulipokwisha, akauliza: "Nani kati yenu aliyeniuliza baridi iko wapi?"

Tulinyamaza.

"Baridi yangu iko miguuni," akasema. "Nyumba sioni ikitetemeka."

Nimesikiliza mihadhara mingi ya wasomi, na sikumbuki mmoja uliolipasua tatizo kwa maneno machache hivyo. Wajapani walilitambua zamani: wanayo meza fupi iliyofunikwa mfarishi, chini yake kuna kipasha joto kidogo, familia huingiza miguu humo na kuacha chumba kilichobaki na baridi yake. Sisi watoto wa mama, pamoja na shahada zetu, tulikuwa tukipiga hesabu ya kupasha mita za ujazo arobaini za hewa kwa ajili ya nyayo mbili.

Dada yangu, yule wa kemia, alifanya hesabu nyingine. Chupa ya mpira ya lita moja na nusu, ukiijaza maji yaliyochemshwa kwa birika la umeme na kuyaacha yapoe kidogo, imetumia takriban sehemu moja ya saba ya uniti. Shilingi nne. Hukaa na joto chini ya blanketi nusu ya usiku na zaidi. Mwaka uliofuata tuliongeza blanketi la umeme la wati 100, ambalo kwa saa nane halifikii hata uniti moja, lakini mama hulipasha kabla ya kulala kisha hulichomoa, kwa sababu haamini kitu chenye waya kitandani. Simlaumu. Tulimwekea pia zulia kwenye saruji, mapazia mazito, na mfarishi wa pili chini yake, maana baridi nyingi ya kitandani hutoka chini wala si juu. Na juu ya dirisha la chumba chake fundi alitoboa matundu mawili ya hewa yenye wavu, yasiyoweza kusokomezwa gunia na msomi yeyote.

Moto wenyewe haukufukuzwa. Kibanda cha jikoni kule nje tulikiinua paa na kukiwekea dohani ya bati, na humo ndimo mama huota moto jioni, pamoja na wajukuu na yeyote apitaye, hadi yapata saa tatu. Kisha makaa hufunikwa jivu na jiko hubaki huko. Ndiyo desturi ya zamani, isipokuwa usingizi na moto sasa vimetenganishwa na ua wa hatua kumi na tano.

Wanaonitia wasiwasi zaidi sasa ni wanafunzi. Wengi hupanga chumba kimoja cha mawe chenye dirisha moja, hupikia humo, husomea humo, hulala humo. Baridi ikizidi, jiko lililopika githeri halitolewi nje. Huvutwa karibu na kitanda, na mlango hufungwa kwa kuhofia wezi. Nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika darasa langu ni wangapi wamewahi kulala hivyo. Mikono iliyoinuka ilinitosha nisiulize tena. Hao ni watu waliofaulu kemia. Walimu wa Kiswahili tunawapa insha juu ya "Siku Nisiyoisahau" na ufahamu juu ya faida za misitu; kifungu kimoja cha sumu ya makaa, kikifundishwa Mei kabla baridi haijaingia, kingekuwa na msamiati wa kutosha: kizunguzungu, kichefuchefu, kufungua madirisha, kutoka nje, kukimbilia hospitali hata kama umepata nafuu. Na kwamba watu wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa usiku mmoja, wakapata nafuu watokapo nje, hayo si mafua.

Mama hakungoja mitaala. Vyumba vyake vya kupangisha viko vinne, na katika kila mkataba, ambao ni wa mdomo, kuna sharti moja linalotangulia kodi: jiko lilale nje. Tangu mwaka 2018, kila jioni ya Juni hadi Agosti, hutoka na tochi yake, amejifunga leso juu ya sweta, akapita mlango hadi mlango akihesabu majiko barazani. Akikuta matatu, hugonga mlango wa nne. Julai iliyopita nilikuwapo aligonga mlango wa kijana mmoja wa mwaka wa pili, naye akajibu kutoka ndani, kwa adabu, "Nyanya, makaa yameshika vizuri, hayana moshi kabisa."

"Ndiyo hayo," mama akasema. "Fungua."